Wikipedia na kitovu cha mtoto: wataalamu wakibishana, nani anasikilizwa?

Mama, kama umewahi kuandika kwenye simu usiku wa manane "kitovu cha mtoto kinatoa harufu", huenda moja ya majibu ya kwanza uliyoyaona lilitoka Wikipedia. Wikipedia ni kamusi elezo ya bure mtandaoni. Ilianza mwaka 2001, na ya Kiswahili ikafuata mwaka 2003. Mtu yeyote anaweza kuiandika na kuirekebisha: daktari, mwanafunzi, mfamasia, hata muuza dawa za mitishamba. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: wanapotofautiana kuhusu afya ya mwanao, neno la nani linabaki kwenye ukurasa?

Jibu fupi ni kwamba linabaki neno lenye chanzo kizuri, si neno la mwenye cheo. Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa kuaibika kidogo.

Sentensi yangu ilivyofutwa

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Siku moja nilisoma makala ya Kiswahili kuhusu mtoto mchanga, nikaona haisemi lolote juu ya kitovu. Nikaongeza sentensi: kitovu kipakwe jeli ya klorheksidini ya asilimia 7.1 kila siku kwa siku saba. Chai yangu haijaisha, sentensi imeondolewa. Mhariri mwingine alikuwa ameacha ujumbe akiomba chanzo.

Nilikasirika. Nikamwandikia kwamba nimehudumia vitovu vingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Akanijibu kwa adabu: "Sikatai, dada, lakini msomaji hawezi kukuona wala kukuuliza. Chanzo anaweza kukifungua." Kisha akaingia mtu wa tatu, aliyejitambulisha kuwa mfamasia, akasema kipimo changu si sahihi, ni asilimia 4.

Mjadala ukahamia kwenye ukurasa wa majadiliano, ambao kila makala ya Wikipedia inao. Tulipofungua vyanzo tukakuta wote wawili tuko sawa. Asilimia 7.1 ni ya klorheksidini diglukoneti, yaani dawa ikiwa pamoja na chumvi yake. Ukihesabu klorheksidini peke yake unapata asilimia 4. Dawa ni ileile, imeandikwa kwa namna mbili.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa kwingine. Nilichofundishwa kilitokana na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2013, na hata hayo hayakusema kila mtoto apakwe. Yalilenga watoto waliozaliwa nyumbani katika maeneo yenye vifo vingi vya watoto wachanga, kuanzia 30 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 umebana zaidi: kitovu kiachwe kisafi na kikavu, na klorheksidini ya asilimia 4 ipakwe kila siku katika wiki ya kwanza pale tu ambapo watu wamezoea kupaka vitu vyenye madhara, kama kinyesi cha wanyama.

Sentensi iliyobaki ilianza na "kisafi na kikavu", kisha ikaeleza mahali dawa inapofaa, ikiwa na mwaka na tanbihi. Neno "kila mtoto" likaondoka. Nilikuwa na diploma yangu ukutani, na bado yule aliyeniomba chanzo ndiye aliyekuwa sahihi.

Kwa wewe uliye nyumbani na mtoto sasa: nawa mikono kabla ya kushika kitovu. Kunja nepi ikae chini ya kitovu, kisigusane na mkojo. Usipake majivu, mate, samli, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe, hata kama bibi amepaka watoto wake wote na wakakua. Ukipewa klorheksidini na mhudumu wa afya, ni ya kitovu tu. Isiingie machoni. Katika baadhi ya nchi za Afrika watoto wameumia macho vibaya kwa sababu mlezi alidhani ni dawa ya macho.

Kwa nini cheo hakitoshi

Kwanza, mtandaoni kila mtu anaweza kujiita daktari. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mhariri mmoja aliyeheshimika sana kwenye Wikipedia ya Kiingereza, aliyejitambulisha kuwa profesa wa theolojia, alikuwa kijana wa miaka 24 asiye na shahada hizo.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mtaalamu wa kweli naye hukosea. Daktari Mmarekani Benjamin Spock alitoa kitabu cha malezi mwaka 1946 kilichouzwa mamilioni ya nakala. Katika matoleo yaliyofuata alishauri mtoto alazwe kifudifudi, akihofia kwamba akilala chali atapaliwa na matapishi. Wazazi walimwamini, na kwa nini wasimwamini? Tafiti zilipokusanywa na kutazamwa pamoja zilionyesha kwamba kulala kifudifudi kunaongeza hatari ya mtoto kufa ghafla usingizini. Marekani ilianza kampeni ya kuhimiza watoto walazwe chali mwaka 1994. Mlaze wako chali pia.

Chanzo chenye uzito ni kipi?

Wikipedia ya Kiingereza ina mwongozo maalumu wa vyanzo vya kitabibu. Unatanguliza mapitio yanayokusanya tafiti nyingi, miongozo ya mashirika ya afya ya kitaifa na kimataifa, na vitabu vya kiada vinavyotambulika, hasa vya miaka ya karibuni. Utafiti mmoja mpya, hata ukiwa umetangazwa redioni, unasubiri.

Ukijiuliza kwa nini usubiri, kumbuka habari ya chanjo na usonji. Mwaka 1998 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti wa Andrew Wakefield na wenzake juu ya watoto 12 tu, ukihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Uingereza idadi ya watoto waliochanjwa ikashuka. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo. Mwaka 2010 jarida likaufuta utafiti ule, na Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Hadi leo kuna mama wananiuliza habari hiyo kliniki, na wengi hawajui ilianzia wapi.

Ugomvi unamalizwaje?

Wahariri wanatakiwa kujadiliana hadi wafikie mwafaka. Wakikwama, wanaita wahariri wengine watazame vyanzo. Kuna ukurasa wa kujadili ubora wa vyanzo, na kuna kundi la wahariri wanaoshughulikia makala za tiba. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, anayefuta kazi ya mwenzake zaidi ya mara 3 ndani ya saa 24 anaweza kufungiwa, hata kama anachokitetea ni kweli. Anayelipwa kuhariri, kwa mfano na kampuni ya maziwa ya kopo, anatakiwa kulitangaza hilo waziwazi.

Wikipedia ya Kiswahili ina wahariri wachache kuliko ya Kiingereza. Kosa linaweza kukaa muda mrefu kwa sababu hakuna aliyelipitia, na makala isiyo na ugomvi wowote si lazima iwe sahihi.

Ukiwa na simu mkononi

Tafuta namba ndogo mwishoni mwa sentensi, uiguse. Ikikupeleka kwenye mwongozo wa WHO au wa Wizara ya Afya, tazama mwaka. Ikikupeleka kwenye duka linalouza hiyohiyo dawa inayosifiwa, achana nayo. Sentensi inayotaja kipimo cha dawa bila namba yoyote, usiifuate. Fungua pia majadiliano na historia ya ukurasa, uone kama watu bado wanabishana juu ya jambo unalolitafuta.

Ukikuta maelezo yanayopingana na uliyoambiwa kliniki, piga picha ya skrini uje nayo pamoja na kadi ya mtoto. Tuulize mwongozo wetu ni wa mwaka gani. Muuguzi hatakiwi kukufokea kwa swali hilo.

Ila usisome chochote kwanza, wahi kituo cha afya mara moja, ukiona ngozi inayozunguka kitovu imekuwa nyekundu au imevimba, kitovu kinatoa usaha, harufu mbaya au damu isiyokoma, mtoto ana homa au mwili wa baridi, hanyonyi, anapumua kwa shida, amelegea au ana degedege. Ukiwa njiani, mfunike vizuri na uendelee kumnyonyesha kama anaweza.