Moshi Bila Kipimo cha Moto: Historia ya Vimeng'enya vya Ini

Karatasi ya maabara huja na namba mbili, ya ALT na ya AST, na mgonjwa wa homa ya ini C huzitazama kama mwanafunzi aliyeletewa matokeo ya mtihani. Zikiwa juu, moyo humwenda mbio. Zikiwa chini, hushusha pumzi akidhani ini lake ni zima. Zaidi ya nusu karne ya utafiti imeonyesha kwamba mara nyingine hushusha pumzi hiyo mapema mno.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya seli. Seli ikiumia, huvuja na kuingia katika damu. ALT hukaa zaidi kwenye ini, lakini AST imejaa pia kwenye moyo na misuli, ndiyo maana habari zake zilianzia moyoni. Mwaka 1954, jijini New York, John LaDue, Felix Wróblewski na Arthur Karmen walitangaza kwamba AST hupanda katika damu ya mtu aliyepatwa na shambulio la moyo. Mwaka uliofuata, Fernando De Ritis na wenzake wa Naples, Italia, walionyesha kwamba vimeng'enya hivi hupanda pia kwa wenye homa ya ini ya virusi. Ugonjwa uliozoeleka kutambuliwa kwa macho ya manjano sasa ungeweza kuonekana hata macho yakiwa meupe.

Harvey Alter, wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani huko Bethesda, alikitumia vyema kipimo cha vimeng'enya hivi. Yeye na wenzake waliwafuatilia wagonjwa walioongezewa damu wakati wa upasuaji wa moyo, wakiwapima ALT mara kwa mara. Wengi hawakuhisi maumivu wala kugeuka manjano, ila ALT ilipanda. Mwaka 1975 iligundulika kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuwa na virusi vya A wala vya B, na ugonjwa ukaitwa homa ya ini isiyo A wala B. Mwaka 1978 damu ya wagonjwa ilipoingizwa kwa sokwe, ALT yao nayo ikapanda, ishara kwamba ugonjwa unaambukiza. Mwaka 1989 Michael Houghton, Qui-Lim Choo, George Kuo na Daniel Bradley walitangaza kuvipata virusi vyenyewe, vikaitwa virusi vya homa ya ini C.

Kimeng'enya kilichomfichua adui kikaanza kuaminiwa kupita uwezo wake. Mwaka 1997 jopo la wataalamu wa Marekani lilishauri kwamba wenye ALT ya kawaida wakati wote wasipewe dawa nje ya majaribio ya kitabibu. Dawa ya wakati huo, interferoni, ilikuwa na madhara makali. Lakini vipande vya ini vilivyotolewa kwa sindano vilionyesha makovu kwa baadhi ya watu hao, wengine makovu mazito. Mwaka 2002 ushauri huo ukalegezwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Sababu ya makovu kujificha nyuma ya ALT ya kawaida inaeleweka. Kimeng'enya hueleza seli zinazoumia leo, ilhali ukali wa homa ya ini C hutokana na makovu ya miaka ishirini au thelathini. Ini lililokwisha kusinyaa kwa sirosisi, yaani makovu yaliyoenea ini zima, laweza kuwa na ALT ya chini.

Dawa ya tatizo hilo ikawa kukisoma kimeng'enya pamoja na mashahidi wengine. Kipimo cha APRI, kilichotangazwa mwaka 2003, hulinganisha AST na chembe sahani zinazogandisha damu. Makovu yakizidi, bandama huvimba na kuzinasa chembe hizo, zikapungua katika damu. FIB-4, iliyofuata mwaka 2006, huongeza ALT na umri. Vyote huhitaji vipimo vya kawaida vya damu tu.

Leo vidonge vya wiki 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 kati ya 100, na tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani hushauri kila mtu mzima mwenye maambukizi sugu atibiwe, bila kusubiri namba zipande. Virusi vikiisha, ALT hushuka. Lakini aliyefikia sirosisi aendelee kuchunguzwa saratani ya ini, kwa kuwa moto ukizimwa, nguzo zilizoungua hubaki zimeungua.