Mshahara Si Kipimo cha Nyumba

Kabla hamjasoma hesabu za mwaka, twapenda kukumbusha habari ya zamani, kwani yahusu namna tunavyogawa msaada hapa Thika na Ruiru.

Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika nchini Kenya. Iliona kwamba kima cha chini kilikadiriwa kwa mahitaji ya mwanamume mseja, ilhali wengi walikuwa na wake na watoto. Ikapendekeza kima kifuate mahitaji ya jamaa nzima. Hivyo jiko la nyumba likaingia katika hesabu ya mshahara.

Jambo hilo latuhusu hata leo. Mchumaji wa kahawa hulipwa kwa debe. Msimu ukiisha fedha hukoma, lakini watoto hawaachi kula. Naye mwenye shamba dogo hula mahindi na maharagwe yasiyopita sokoni, wala hayamo katika mapato yake ya fedha.

Kwa sababu hiyo uchunguzi wa serikali wa 2015/16 ulipima umaskini kwa matumizi: chakula kilichonunuliwa, kilicholimwa na kilichopewa, pamoja na mahitaji mengine. Mpaka uliwekwa shilingi 3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima wa mashambani, na 5,995 kwa wa mjini. Mtoto wa chini ya miaka 5 alihesabiwa 0.24 ya mtu mzima, na wa miaka 5 hadi 14, 0.65. Basi nyumba ya mjini yenye wazazi wawili, watoto wawili wa shule na mmoja mchanga ilihitaji kiasi cha shilingi 21,222. Shilingi 20,000 zilimtosha mseja, lakini hazikuitosha nyumba hiyo.

Twakiri kosa letu. Kamati yetu iliwahi kumnyima mama mmoja msaada kwa kuwa mumewe alikuwa na kazi ya mwezi, bila kuuliza walaji walikuwa wangapi.

Lakini chungu nacho chaweza kudanganya: alaye kwa deni la duka huonekana ameshiba. Kwa hiyo twawaomba wazee wa mitaa waulize mambo matatu: wangapi wanakula, wanakula nini, na nani atalipa. Majibu hayo ndiyo yatangulie hati ya mshahara.