Maafa Yana Historia

Ajali haina kinga, husema Waswahili. Nao husema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali mbili hizi zaonekana kupingana. Ya kwanza humliwaza aliyefikwa na msiba. Ya pili humwuliza alikuwa wapi wakati ufa ulipokuwa mdogo. Historia ya namna wataalamu wa anthropolojia, yaani elimu ya wanadamu na mila zao, walivyoyachungua maafa ni safari itokayo katika methali ya kwanza kuelekea ya pili. Safari hiyo ilichukua miaka mingi, na ilipita mahali pawili palipo mbali na njia kuu za dunia: kisiwa cha Tikopia katika bahari ya Pasifiki, na mji wa Yungay katika milima ya Peru.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini maafa hayakuwa na nafasi kubwa katika elimu hii. Mtaalamu alikwenda kukaa na watu mwaka mmoja au miwili, akajifunza lugha yao, akala chakula chao, kisha akarudi kwao na kuandika kitabu kilichoonyesha jinsi ndoa, ibada, kilimo na utawala vilivyoshikamana kama mawe ya jengo moja. Njaa, tufani na tetemeko la ardhi vilihesabiwa kuwa mambo yatokayo nje, ambayo huja, huvuruga, kisha hupita. Jengo ndilo lililochunguzwa, wala si upepo uliolitikisa.

Raymond Firth alikuwa mmoja wa mabingwa wa utafiti wa namna hiyo. Alikaa Tikopia mwaka 1928 na 1929, na kitabu alichokitoa mwaka 1936 juu ya jamaa na ukoo katika kisiwa hicho kikawa miongoni mwa vitabu mashuhuri vya elimu yake. Tikopia ni kisiwa kidogo mno, chenye eneo la kilomita za mraba zipatazo tano, na siku hizo kilikuwa na watu wapatao 1,300 chini ya wakuu wanne. Firth alirudi huko mwaka 1952 pamoja na James Spillius. Watu walikuwa wamezidi 1,700, na miezi michache kabla ya wageni hao kufika tufani kubwa ilikuwa imekipiga kisiwa. Mishelisheli na minazi iliangushwa, na maji ya chumvi yaliingia mashambani. Tufani ya pili ilifuata mwaka 1953. Wataalamu wawili hao walikuwa wamekwenda kutazama mabadiliko ya maisha. Walijikuta wakitazama njaa.

Waliyoyaona yalikuwa na mafunzo kuliko hadithi zote za watu kuwa malaika au wanyama wakati wa shida. Wizi wa chakula mashambani uliongezeka, na watu waliozoea kugawana walianza kuficha. Sherehe zilipunguzwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuandalia. Walakini jamii haikuvunjika. Duara la ukarimu lilipungua upana, lakini ndani ya nyumba moja watu waliendelea kula pamoja. Firth alitambua kwamba adabu ilidumu hata pale uaminifu ulipolegea: mtu aliweza kuiba usiku katika shamba la jirani, na mchana akamkaribisha jirani yuyo huyo kwa maneno yote ya heshima. Wakuu waliitisha mikutano na kuweka makatazo juu ya matumizi ya vyakula, na serikali ya visiwa vya Solomon, ambavyo vilikuwa chini ya Uingereza, ilileta mchele kwa meli. Kitabu cha Firth cha mwaka 1959 kiliyaandika haya kwa utulivu na kwa hesabu.

Somo lililopatikana ni kwamba msiba haufuti desturi za watu, bali huzifichua. Katika siku za neema ni vigumu kujua ni kifungo kipi cha jamii kilicho imara na kipi ni pambo. Njaa hupambanua. Hata hivyo, swali moja halikuulizwa kwa nguvu huko Tikopia. Tufani ilichukuliwa kama ilivyokuja. Kazi ya mtaalamu ilikuwa kueleza watu walifanya nini baada yake. Ni nani aliyetangulia kuwaweka watu mahali ambapo upepo ungeweza kuwaangamiza?

Swali hilo lilivuma katika miaka ya 1970, wakati ukame ulipoziunguza nchi za Saheli na mifugo na watu kufa kwa wingi. Mwaka 1976 Phil O'Keefe, Ken Westgate na Ben Wisner walitoa makala fupi katika jarida la Nature, wakisema kwamba maafa yaitwayo ya maumbile hutokana zaidi na hali ya maisha ya watu kuliko maumbile yenyewe. Afrika ya Mashariki ilikuwa na sehemu katika fikira hizo, maana Wisner alifanya utafiti juu ya ukame katika mashariki ya Kenya. William Torry naye, ambaye aliwajua Wagabra wa kaskazini ya Kenya, mwaka 1979 aliwahimiza wanaanthropolojia wenzake wayatie maafa katikati ya elimu yao, wala wasiyaache ukingoni. Kwa wafugaji mvua haba ni jambo la kila kizazi, nao wana mbinu za kuikabili: kuhama, kugawa mifugo kwa marafiki walio mbali, kukopeshana majike ya kukamwa. Ukame huwa msiba pale njia za kuhamia zinapofungwa.

Fikira hii ilipata ushahidi wake mzito huko Yungay. Mji huo ulikuwa katika bonde la Callejón de Huaylas, chini ya mlima Huascarán, wenye kimo cha mita 6,768 na theluji isiyoyeyuka kileleni. Jumapili, tarehe 31 Mei 1970, saa tisa na dakika ishirini na tatu mchana, ardhi ilitetemeka. Pande kubwa la mwamba na barafu lilimeguka mlimani, likateremka kwa mwendo wa kutisha, na katika dakika chache mji wote ulikuwa umezikwa chini ya tope na mawe. Minazi haikuwako huko, lakini mitende minne ya uwanja mkuu ilibaki imesimama, ikionyesha mahali mji ulipokuwa. Miongoni mwa waliookoka walikuwa watu waliokimbilia kilima cha makaburi, na watoto waliokuwa wamekwenda kutazama sarakasi. Katika eneo zima la tetemeko walikufa watu wapatao 70,000.

Anthony Oliver-Smith, Mmarekani aliyekuwa bado mwanafunzi wa anthropolojia, aliujua mji huo tangu mwaka 1966. Baada ya msiba alirudi kuishi na waliosalia, na kazi yake juu yao iliendelea kwa miaka mingi, hata akatoa kitabu mwaka 1986. Aliona kwamba katika siku za kwanza watu wa mji na wakulima wa milimani walikula chungu kimoja. Hali hiyo aliiita udugu wa uchungu. Lakini udugu huo haukuishi muda mrefu. Misaada ilipofika, wenye heshima za zamani walinung'unika kupewa sawa na wakulima Wahindi Wekundu, na ngazi za kale za utu na daraja zilianza kujengwa upya kabla ya nyumba.

Kisha likazuka shauri zito zaidi. Serikali ya Jenerali Juan Velasco Alvarado, kwa kufuata maoni ya wataalamu wa ardhi, iliamua kwamba makao mapya yawe Tingua, kilomita kadhaa upande wa kusini, ambako hatari ya mlima ilikuwa ndogo. Waliookoka walikataa. Walikwisha jenga kambi karibu na mji uliozikwa, na hapo walitaka kubaki. Kwa mtazamo wa ofisini ukaidi huo ulikuwa wazimu: ni nani aliyepoteza mke na watoto chini ya mlima akaomba kulala chini ya mlima ule ule? Lakini mtafiti aliyeketi nao alizisikia sababu zao. Wafu wao walikuwa pale, na kuwaacha kungekuwa kuwapoteza mara ya pili. Soko lililowaunganisha na wakulima lilikuwa pale, na bila ya wakulima mji haungekuwa na chakula wala biashara. Jina la mji, na heshima yake ya kuwa makao makuu ya wilaya, ndivyo vitu pekee ambavyo tope halikuvichukua. Mwishowe serikali ilikubali, na Yungay mpya ikajengwa pale walipotaka, ilhali mji wa kale ulifanywa kuwa mahali patakatifu pa kaburi la wote.

Hapa elimu ilipewa mtihani mgumu. Wapima ardhi hawakusema uongo. Mlima ulikuwa na hatari, na tangu Januari 1962 poromoko jingine lilikwisha uangamiza mji jirani wa Ranrahirca na kuua maelfu. Wala wakaaji hawakuwa wajinga, maana waliijua hatari hiyo kwa misiba ya nyumba zao. Kila upande ulishika ukweli mmoja. Mtaalamu wa anthropolojia hakuwa na haki ya kuufuta ukweli wa mlima, lakini alionyesha kwamba usalama usiohesabu kaburi, soko na jina si usalama mzima.

Mwaka 1994 Oliver-Smith aliendelea mbele, akaandika kwamba tetemeko la Peru lilikuwa na umri wa miaka mia tano. Kabla ya Wahispania, watu wa Andes waliishi kwa kutawanyika, wakalima katika vimo mbalimbali vya mlima ili baridi au ukame usiwanyang'anye mazao yote, wakaezeka nyasi na kuweka akiba katika maghala. Baada ya utekaji, na hasa katika miaka ya 1570 chini ya Francisco de Toledo aliyetawala kwa niaba ya mfalme, walikusanywa katika miji iliyopangwa kwa mistari, ili kodi na kazi za lazima zipatikane kwa urahisi. Ujenzi wa Kihispania ulileta mapaa mazito ya vigae juu ya kuta za matofali ya udongo, katika njia nyembamba. Mwaka 1970 watu walio wengi katika wale 70,000 hawakufa kwa barafu ya Huascarán. Waliuawa na kuta na mapaa yao wenyewe. Mlima ulitenda kwa dakika chache; historia ilikuwa imetenda kwa karne nne.

Katika miaka ya karibuni neno ustahimilivu limepata sifa kubwa. Lilienezwa katika elimu ya viumbe na mazingira yao na C. S. Holling mwaka 1973, likahamia katika mipango ya serikali na mashirika. Tikopia inalipa neno hilo ushahidi mwema: mwezi Desemba 2002 tufani iitwayo Zoe ilikivamia kisiwa kwa nguvu za ajabu, na dunia ikadhani wote wamekufa, lakini walipofikiwa, hapakuwa na aliyepoteza maisha. Walijisitiri chini ya miamba, kama watu waliorithi maarifa ya upepo.

Hata hivyo sifa hiyo ina mtego ndani yake. Amsifuye maskini kwa kustahimili aweza kusahau kuuliza ni nani anayemlazimisha kustahimili. Mtu wa Tikopia aliokolewa na maarifa yake. Mtu wa Huaraz au Yungay alikuwa amenyang'anywa maarifa ya babu zake na watawala, akapewa paa zito badala yake. Hiyo ndiyo sababu elimu ya maafa haiwezi kutengana na historia. Anayefika siku ya msiba huona kifusi tu. Anayesoma karne zilizotangulia huuona ufa, na humwona aliyepita mbele yake kila siku bila ya kuuziba.