Gari na Mdomo: Picha Zilizopita Mariakani na Zilizotupita

Mariakani ni mji wa kungoja. Dereva wa lori anayetoka bandarini Mombasa kwenda bara hamalizi hata kilomita 40 kabla ya kufika kwenye mizani yetu, na zamani akifika hapo alipanga foleni hadi jua lizame. Watu wanaongoja hula, hunywa, hulala, na baada ya hapo hutafuta cha kutazama. Ndivyo vibanda vya video vilivyoota kando ya barabara katika miaka ya themanini: mabati, mabenchi ya mbao za bandari, televisheni moja, dek moja, na jenereta nyuma kwa siku stima inapopotea.

Mimi nilizisikia picha miaka mingi kabla ya kuziona. Banda la mamangu la chai liliegemea ukuta wa kibanda kimojawapo, na msichana akionekana anatoka video, maneno yalifika nyumbani kabla yake. Basi nilikanda unga wa mahamri nikisikiliza ngumi za Kichina, nyimbo za Kihindi na risasi za Commando. Juu ya yote hayo kulikuwa na sauti ya taniboi mmoja aliyesimama kando ya televisheni akieleza: huyu ndiye stelingi, yule mwenye ndevu ni adui, mama yule analilia mwanawe. Asipojua maneno aliyatunga. Sholay niliyoijua mimi kwanza haikuwa ya India. Katika ile ya taniboi, Gabbar Singh na genge lake waliiba ng'ombe kuanzia Samburu hadi Mackinnon Road, na wazee wa Kiduruma waliokuwa ndani walimlaani kwa dhati.

Sinema ya kusimuliwa haikuanza na taniboi wetu. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliopiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu kilimo, afya na kuweka akiba posta, wakazipakia kwenye lori pamoja na projekta na jenereta, wakazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Picha zenyewe hazikusema kitu. Maelezo yalitoka kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za huko walikopita. Tangu hapo, picha katika nchi zetu imehitaji vitu viwili ili ijulikane: gari la kuileta na mdomo wa kuieleza. Uzuri wake huja baadaye.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoamua Mariakani itazame nini. Kanda zilikuja na madereva, kutoka Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Picha ambayo haikuingia kwenye droo ya lori haikuwapo duniani, kwa upande wetu. Mdomo nao ukageuka kazi ya kitaalamu. Tanzania ilimtoa Lufufu, aliyesimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na kuzirekodi, watu wakawa wanaomba "ile ya Lufufu" bila kutaja jina la picha. Kisha Kenya ikampata DJ Afro, ambaye diski zake zilijaa katika kila kituo cha matatu. Najua watu wazima wa hapa ambao hawawezi kutazama filamu ya vita bila sauti yake, wanaiona tupu.

Uganda ilikwenda mbele zaidi. Mwaka wa 2010, katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac alitengeneza Who Killed Captain Alex? kwa pesa ambazo hazingetosha kununua tairi za lori moja. Nakala inayotazamwa duniani kote ina sauti ya VJ Emmie, anayecheka, anayetisha na kuwasifu makomando tangu mwanzo hadi mwisho. Wageni huiona ni kichekesho kipya. Mtu aliyekulia nyuma ya mabati ya video anaitambua mara moja: ni kibanda chetu kimewekwa ndani ya filamu. Usipoitazama nyingine yoyote ninayoitaja hapa, itazame hiyo.

Sasa nije kwa zile zilizotupita. Wanjiru Kinyanjui alitoa The Battle of the Sacred Tree katikati ya miaka ya tisini. Mwanamke anamkimbia mume mkatili na kurudi kijijini kwao, anakuta akina mama wa kanisa wamekaza nia ya kuukata mti mtakatifu wa wazee. Wakati huo sisi tulikuwa tunarudia Rambo. Na hali kaya za Rabai ziko jirani yetu, misitu ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda! Ugomvi wa filamu ile ni ugomvi wa nyumbani, lakini hakuna lori lililoileta.

Tanzania nayo ina hazina mbili za namna hiyo. Arusi ya Mariamu, ya 1985, ni filamu fupi juu ya mwanamke mgonjwa anayeogopa waganga wa jadi. Maangamizi, iliyotoka 2001, inamleta daktari kutoka Marekani kwa mgonjwa ambaye hajatamka neno kwa miaka mingi. Amandina Lihamba, profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameigiza katika Maangamizi kwa utulivu ambao picha za ngumi hazikuwahi kutufundisha. Ya kale zaidi ni Muhogo Mchungu ya 1952, iliyotengenezwa Tanganyika. Stelingi wake alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Miaka 10 baadaye, kijana huyo alikuwa Waziri Mkuu.

Vibanda vilipoanza kufa, vingi viligeuzwa vyumba vya PlayStation, na mdomo ukahamia huko: wawili wanacheza mpira, kumi wanatangaza. Hata hapo vya kwetu vilipita mbali. Wesley Kirinya alitoa Adventures of Nyangi mwaka wa 2007, mojawapo ya michezo ya kwanza ya 3D kutengenezwa Kenya. Andrew Kaggia, aliyekwisha kuwageuza wanasiasa wetu kuwa roboti katika katuni yake Wageuzi, alitoa Nairobi X mwaka wa 2015, ambamo viumbe wa angani wanaivamia Nairobi na mchezaji anailinda. Vijana wa Mariakani waliokuwa wanaijua kila barabara ya mchezo wa San Andreas hawakuwahi kuambiwa.

Leo foleni imepungua. Mizani inapima lori likitembea, na tangu 2019, serikali iliposukuma mizigo kwenye reli mpya, hoteli kadhaa za barabarani zimefungwa. Gari la picha sasa ni simu, na kila mtu analo. Upande huo umekwisha kutatuliwa. Kilichobaki ni mdomo, na huo Mariakani haujawahi kutupungukia. Ningependa kumwona kijana mmoja, mwenye kompyuta na maikrofoni ya bei nafuu, akiacha kusimulia Commando kwa mara ya mia na kuchukua ile ya Kinyanjui, aisimulie kwa Kiswahili chenye Kigiriama na Kiduruma ndani yake, mti ule akiuweka Rabai. Wazee watabishana naye kuhusu kaya, akina mama wa kanisa watamjibu, na watoto watajua picha hiyo ipo.