Maendelezo ambayo hayajaisha

Barabara mpya ikipita katikati ya shamba la zabibu, mthamini huja na daftari lake. Anahesabu mashina, anahesabu nguzo na kukagua waya zinazobeba matawi, anapima kisima na banda. Samadi haihesabu. Mwenye shamba aliitoa zizini wakati wa kiangazi, akaifukia kwenye mitaro kabla ya mvua, na sasa haionekani tena. Imo kwenye fidia, au imekwenda bure?

Swali hilo linazidi kuwa zito Dodoma, mji ulioteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, na ambao leo mji wa Serikali wa Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato na reli ya kisasa vimemeza mashamba mengi. Jibu lake limo ndani ya kivumishi cha Kiingereza ambacho hata Waingereza wenyewe hawakitumii mara kwa mara: “unexhausted”.

Neno lilianzia mashambani. Mkulima wa kupanga huko Uingereza alitia chokaa na mbolea, akachimba mifereji, kisha akaondolewa kabla mazao hayajaifaidi kazi hiyo yote. Kilichobaki udongoni kilikuwa jasho lake, lakini kilirithiwa na mwenye ardhi. Sheria ya mwaka 1875 ilitambua deni hilo, ingawa wenye ardhi waliruhusiwa kulikwepa kwa mkataba. Mwaka 1883 mwanya huo ukazibwa. Wakoloni walipotunga Sheria ya Ardhi ya Tanganyika mwaka 1923, neno hilo nalo likaja.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imelibakiza. Kwa maelezo yake, maendelezo yanayoitwa “unexhausted” ni kitu au sifa yoyote iliyoshikamana na ardhi kwa kudumu, iliyotokana na mtaji au nguvu kazi ya mwenye kuimiliki, na inayoiongezea ardhi uzalishaji au manufaa. Miti na mazao yaliyo shambani yametajwa. Mimi naona uzito uko kwenye neno “sifa”, kwa sababu rutuba ni sifa. Tuta la kuzuia mmomonyoko kule Kondoa huonekana kwa macho, lakini udongo uliopona nyuma yake nao ni kazi ya mtu.

Mahakama ya Rufani tayari ilikuwa imekwenda mbali zaidi katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, lililoripotiwa mwaka 1995. Jaji Mkuu Francis Nyalali alieleza kwamba fidia ya haki haiishii kwenye maendelezo ya aina hiyo. Hata pasipo maendelezo hayo, mtu aliyeitolea ardhi juhudi zake analindwa na Katiba.

Sasa tafsiri. Watu husema “maendelezo” tu, na kivumishi kinapotea njiani. Ukisema “maendelezo yasiyokwisha”, msikilizaji anaelewa kazi isiyo na mwisho. “Yasiyokamilika” ni kosa la hatari, kwani nyumba iliyokamilika ndiyo ya kwanza kulipwa. Tatizo ni la sarufi: kiambishi -si- hakibebi wakati, na neno hili lote ni wakati. Linasema faida imeanza kuliwa ila haijaisha. Kiswahili kina -ja- kwa ajili ya jambo hilo hilo, na ili kuitumia hapa tunahitaji “amba-”: maendelezo ambayo faida yake haijaisha.

Ni ndefu kwa fomu ya fidia, nakubali. Kwa ufupi ningependekeza “maendelezo hai”. Tunasema mwanachama hai kwa yule ambaye ada yake haijapitwa na muda, na kila mtu kijijini anaelewa bila kuuliza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kisheria kuwa lugha ya sheria na mahakama, kwa hiyo uchaguzi wa neno hili si mchezo wa wanaisimu. Likiandikwa hivyo kwenye fomu, mwenye shamba atakuwa na haki ya kumwomba mthamini aweke kalamu chini, achukue jembe, na achimbe kidogo pembeni ya shina.