Rimu za kromu, za rangi au za kukereza? Haya ndiyo ya kujua kabla hujatoa hela

Rimu za spoti ni kati ya vitu vya kwanza wengi kubadilisha wakishanunua gari. Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, zimepangwa mbele ya maduka: za kromu, nyeusi tii, za fedha, zenye mistari inayometameta juani. Mteja anaangalia mng'ao, anauliza saizi na idadi ya nati, anapatana bei, basi.

Kinachosahaulika ni kuuliza mng'ao huo umetokana na nini. Rimu nyingi za spoti ni alumini iliyochanganywa na silikoni na magnesi kidogo. Tofauti kubwa iko kwenye ngozi ya juu. Ngozi hiyo ndiyo inayoamua rimu itadumu muda gani, itaoshwa kwa nini, na ikikwaruzwa itatengenezeka au la. Wakati mwingine inaficha ufa.

Kromu: nzuri, lakini si ya kila mahali

Kromu haipulizwi kama rangi. Rimu huzamishwa kwenye tangi la kemikali na kupitishiwa umeme, inavishwa kwanza tabaka za metali nyingine kama shaba na nikeli, halafu kromu juu kabisa. Tabaka hilo la mwisho kwa kawaida halifiki hata elfu moja ya milimita. Nikeli iliyo chini ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ule mng'ao wa kioo. Kromu inailinda isififie.

Ikiwa nzima, kromu ni ngumu na inasafishika kirahisi. Matata yanaanza siku kokoto likiigonga, au fundi pancha akiikwangua kwa chuma cha kufungulia tairi. Maji yakipenya mpaka kwenye alumini, hasa maji yenye chumvi, metali hizo zinazogusana zinakuwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Yanatokea malengelenge, kisha magamba. Magamba hayo yanakata kama wembe, kwa hiyo anayeosha rimu ya kromu iliyochubuka avae glavu.

Kromu iliyobanduka haiwekwi kiraka. Inabidi ivuliwe yote na kuzamishwa upya, kazi ya kiwanda chenye matangi na kemikali za sumu. Ndiyo maana gari linalolala Kigamboni, Nyali au Unguja, likipigwa upepo wa bahari usiku kucha, halifai kuvalishwa kromu. Dodoma au Nairobi, mbali na chumvi, kromu inaweza kukaa vizuri miaka mingi ikitunzwa.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Kromu au rangi ikibanduka sehemu ambayo tairi inakaa kwenye rimu, upepo unatoka polepole. Mwenye gari anajaza leo, baada ya siku chache tairi imelala tena. Anabadilisha valvu, anaziba pancha ambayo haipo, anaishia kununua tairi mpya. Fundi akizamisha gurudumu kwenye maji na povu likatoka pembeni mwa rimu, si kwenye mpira, mara nyingi kosa liko kwenye kutu nyeupe ya alumini. Tairi itolewe, sehemu hiyo isuguliwe ikae sawa, ndipo irudishwe.

Rangi ya kawaida na rangi ya unga

Kwa barabara zetu za mashimo na changarawe, rimu ya rangi ndiyo yenye usumbufu mdogo. Hupigwa praima, rangi, kisha vanishi ya juu ambayo mafundi wanaiita klia. Ikichubuka ukingoni, fundi anapiga msasa, anapuliza, gari linaondoka siku hiyohiyo au kesho yake. Rangi ya fedha inasaidia zaidi ya nyeusi: vumbi, maji yaliyokaukia na mikwaruzo midogo havionekani haraka. Nyeusi inayong'aa ni tamu kwa picha tu.

Rangi ya unga ni ngumu zaidi. Unga hurushwa kwa umeme ukajishika kwenye rimu, kisha huokwa kwenye oveni, mara nyingi kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Inastahimili kokoto kuliko rangi ya kupuliza. Lakini kuna mambo mawili ya kumuuliza fundi kabla ya kumwachia rimu.

La kwanza ni joto la oveni. Alumini ya rimu hupewa nguvu kiwandani kwa kupashwa na kupozwa kwa mpangilio maalumu. Oveni isiyo na kipimo, au kuokwa tena na tena, kunaweza kuipunguzia nguvu hiyo. La pili ni nati. Unga ni mnene, na ukiachwa kwenye matundu ambamo nati zinakaa au upande wa nyuma unaogusa habu, nati zinakazwa juu ya rangi badala ya chuma. Rangi inasagika, nati zinalegea zenyewe gari likiwa barabarani. Sehemu hizo lazima zifunikwe kabla ya kupaka.

Zilizokerezwa na zilizong'arishwa tupu

Rimu zenye uso wa mistari myembamba inayometa zimekerezwa kwa mashine, kisha zikapakwa vanishi peke yake. Dukani hakuna inayopendeza kama hizo. Vanishi ikipasuka ukingoni, unyevu unatambaa chini yake na kuchora nyuzi nyeupe kama minyoo. Kupaka vanishi mpya juu yake hakusaidii, kwa sababu kutu imebaki ndani. Dawa ni kukereza tena, na kila kukereza kunapunguza unene, kwa hiyo rimu haivumilii kurudishwa mashineni mara nyingi. Anayegusa kingo za barabara kila akiegesha atajuta.

Zilizong'arishwa tupu hazina ngozi yoyote. Zinafifia, zinataka polishi ya alumini na mkono wenye subira kila baada ya muda. Kazi haiishi, lakini mikwaruzo inaondoka kwa msasa laini na polishi bila kupaka chochote.

Kuosha: hapa ndipo nyingi zinapoharibikia

Vumbi jeusi kwenye rimu za mbele si tope tu. Mna chembe za chuma zinazotoka kwenye breki zikiwa za moto. Zikikaa zinashika, zikilowa zinapata kutu na kuacha madoadoa ya rangi ya chungwa. Kuosha mara moja kwa wiki kunatosha kwa wengi. Pwani, maji matamu tu katikati ya wiki yanasaidia kuondoa chumvi.

Rimu zioshwe zikiwa zimepoa, kwa ndoo na sponji yake, kabla ya bodi. Sponji iliyosugua breki ikipita kwenye bodi inaacha mchanga na mikwaruzo. Sabuni ya gari inatosha. Waya wa kusugulia sufuria haufai kwa aina yoyote ya rimu.

Shida kubwa iko kwa waosha magari wanaotumia asidi ili kazi iishe haraka. Asidi inafifisha alumini tupu, na kwenye kromu yenye mkwaruzo inaingia ndani na kumalizia. Baadhi ya dawa za rimu zina asidi ya floraidi, ambayo inapenya ngozi na inaweza kuumiza mpaka mfupa, kwa hiyo kijana anayeishika bila glavu yuko hatarini kuliko rimu yenyewe. Magadi makali ya kusafishia oveni nayo yanayeyusha alumini. Zipo dawa zisizo na asidi ambazo zinageuka zambarau zikikutana na chembe za chuma. Hizo ni salama kwa rimu nyingi zilizopakwa, mradi zisiachwe zikaukie.

Mtumba uliopakwa upya

Rimu nyingi za mtumba zinatoka Japani, na kwa ndani au kati ya nati huwa na alama za JWL na VIA. JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za alumini. VIA inaonyesha aina hiyo ya rimu ilisajiliwa baada ya kupimwa na maabara huru. Alama hizo zinaeleza rimu ilipotoka kiwandani. Hazisemi lolote kuhusu shimo iliyoingia mwaka jana.

Rimu ya mtumba inayong'aa kuliko mpya itazamwe upande wa ndani, ambako wapakaji huwa hawahangaiki. Mstari mnene wa kuchomelea, sehemu iliyopigwa puti, au ukingo uliobadilika rangi kwa kupashwa gesi ni dalili kwamba ilivunjika au ilipinda. Mshono ukiwa ukingoni fundi mzuri anaweza kuukubali kwa safari za mjini. Ukiwa kwenye mkono wa rimu au karibu na nati, iachwe hapo hapo dukani, hata ikiwa bei ya kutupa. Mkono ukikatika kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, dereva hana cha kufanya.

Zikishafungwa, nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa mpangilio wa msalaba, gari likiwa limepoa. Vyuma vya balansi viwe vya kubandika kwa ndani. Vile vya kugongewa ukingoni kwa nyundo vinachubua ngozi siku ya kwanza.