Poliamidi 11

Poliamidi 11 ni plastiki ya jamii ya nailoni inayotengenezwa kwa mafuta ya mbarika, yale ambayo mitaani Tanzania huitwa mafuta ya nyonyo. Kaboni yake yote hutoka kwenye mmea, na bado haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 189 hivi za sentigredi. Kwa plastiki ya mimea hilo si jambo dogo. Kikombe cha kawaida cha asidi ya polilaktiki, ambayo hutokana na sukari ya mahindi au miwa, kikitiwa chai ya moto hulegea na kupinda, kwani huanza kulainika kwenye nyuzi 60 tu.

Mbarika asili yake ni upande wetu huu wa Afrika, ingawa leo zao lake hulimwa zaidi India, hasa jimbo la Gujarat. Mbegu zake zina madoadoa, zimevimba kama kupe aliyeshiba. Ndiyo maana kwa Kilatini mmea huu uliitwa ricinus, yaani kupe. Mashudu yake yana sumu kali ya risini.

Karibu asilimia 90 ya mafuta yenyewe ni asidi ya risinolei, mnyororo wa kaboni 18. Hapa ndipo penye uzuri wa kazi yote. Mafuta hugeuzwa kwa methanoli, kisha mvuke wake hupitishwa kwenye joto la nyuzi 500 na zaidi. Mnyororo haukatiki ovyo: hukatika mahali pamoja, ukaacha kipande cha kaboni 7, kinachotumika kwenye manukato, na kingine cha kaboni 11. Hicho cha pili hutiwa bromidi ya haidrojeni, halafu amonia, na molekuli zake zikipashwa joto hushikana kichwa kwa mkia huku zikitoa maji. Minyororo mirefu inayopatikana huvutana kwa vifungo vya haidrojeni, na ni vifungo hivyo vinavyostahimili joto.

Plastiki hii ilibuniwa Ufaransa. Jina lake la biashara, Rilsan, limetokana na mto Risle unaopita Serquigny, Normandy, penye kiwanda chake. Malori mengi hutumia mipira yake kwenye breki za upepo, na magari hupitishia humo mafuta ya kuendeshea injini.

Haiozi ardhini, japo imetoka shambani. Ndugu yake, poliamidi 10T, huvuka nyuzi 300 kabla ya kuyeyuka, lakini asidi inayoipa uwezo huo bado hutoka kwenye mafuta ghafi ya petroli.